Kabla ya kukodi kalamu ya mtu, uliza utamlalamikia nani

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yamkini wahenga hao wangeduwaa wakilitazama soko la leo, ambamo kizuri na kibaya hujitembeza bega kwa bega, vikiwa vimevaa vazi moja na kunadi kwa sauti moja. Nazungumzia soko la huduma za uandishi katika intaneti. Mwanafunzi wa chuo kikuu afunguapo simu yake, aghalabu hukutana na mtu asiyemjua akiahidi kumhariria pendekezo la utafiti, kumnyooshea marejeleo, kumtafsiria ikisiri, au hata kumwandikia tasnifu nzima kabla ya mwezi kuandama. Walimu nao hawakusazwa. Wao huletewa maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na mitihani ya majaribio iliyokwisha kuandikwa, tayari kulipiwa.

Kukodi mkono wa mtu ili usaidie kazi ya maandishi si jambo geni kwetu. Kwa miaka mingi vibanda vya wapiga chapa vimesimama karibu na malango ya vyuo vyetu. Mwanafunzi alipeleka mswada wake wa mkono, akaupokea ukiwa safi, akalipa. Lakini mpiga chapa huyo alikuwa na uso, jina na kibanda. Akiacha ukurasa mmoja au akivuruga majedwali, mteja alirudi kesho yake, akasimama mlangoni mbele ya wateja wengine na kudai haki yake. Dhamana ya biashara ile ilikuwa mlango wenyewe.

Tangu nyaya za baharini za intaneti zilipofika pwani ya Kenya mwaka 2009, miaka miwili baada ya M-Pesa kuanzishwa, mlango huo umekuwa ukitoweka pole pole. Sasa kazi husafiri kwa sekunde na malipo husafiri kwa sekunde, ilhali muuzaji yu ghaibu. Yawezekana yuko Kasarani, Eldoret, Karachi au Kiev, mteja hajui. Ndiposa swali ambalo wanunuzi wengi hulitanguliza, yaani kama mtu huyu ni mwaminifu au ni tapeli, ni swali gumu kulijibu. Uaminifu wa mtu usiyemwona haupimiki kwa tabasamu la picha iliyobandikwa kwenye tovuti. Liko swali jingine jepesi zaidi na lenye jibu la wazi: nikidhulumiwa katika biashara hii, nitamlalamikia nani, na nitaweza kulalamika hadharani?

Tulichukue swali hilo na tulipeleke kwanza kwa wale wanaojitolea kuandika kazi ya mwanafunzi ili aiwasilishe kwa jina lake. Hapa jibu ni fupi: hutamlalamikia mtu yeyote. Ukipewa takataka, huwezi kwenda kwa msimamizi wako ukamwambia kuwa sura ya tatu uliyoinunua ni mbovu. Hutakwenda polisi ukiwa na risiti ya udanganyifu wako mwenyewe. Mahakama nazo, kwa kanuni ya kale tuliyorithi katika sheria ya mikataba, hazina desturi ya kumsaidia mdai anayejenga madai yake juu ya tendo ovu alilolifanya mwenyewe. Muuzaji analijua hilo barabara, tena pengine analijua kuliko mnunuzi. Ndiyo sababu ana kila kishawishi cha kukupa kazi ya jana aliyomuuzia mwingine, au kuiacha katikati na kuzima simu.

Wala hasara haiishii kwenye fedha. Muuzaji wa aina hiyo huondoka na siri yako. Anajua jina lako, chuo chako, namba yako ya simu na kazi uliyoinunua. Halmashauri ya Australia inayosimamia ubora wa elimu ya juu, TEQSA, imewaonya wanafunzi kuwa wauzaji wa namna hii huweza kuwageuka wateja wao na kuwatisha kwamba watawafichua wasipoongeza malipo. Tishio kama hilo halina tarehe ya mwisho. Laweza kubisha hodi wakati mwenye shahada amekwisha kupata kazi na familia, maadamu siri ya zamani haiozi.

Yaliyotukia huko huko Australia mwaka 2014 ni funzo tosha. Magazeti ya nchi hiyo yalifichua biashara iliyoitwa MyMaster, iliyokuwa na makao mjini Sydney na kuwauzia insha wanafunzi wa vyuo vikuu kadhaa, wengi wao wageni waliotoka China. Kumbukumbu za biashara zilipofikia mikono ya waandishi wa habari, usiri wote ulioahidiwa uliyeyuka kama barafu juani. Vyuo vilifanya uchunguzi. Baadhi ya wanafunzi walifukuzwa, na wengine waliokwisha kuhitimu wakapokonywa shahada zao. Hapana shaka kila mmoja wao aliahidiwa kwamba jina lake halingejulikana kamwe.

Tangu hapo serikali kadhaa zimechukua hatua. New Zealand ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 2011. Ireland ilifuata mwaka 2019, na Australia mwaka 2020 ikapitisha sheria inayoweza kumfunga muuzaji hadi miaka miwili gerezani. Mwaka 2022 Uingereza nayo iliharamisha kuuza na kutangaza huduma hizo katika eneo la England. Ikumbukwe kuwa sheria hizi humlenga muuzaji na mtangazaji. Mwanafunzi huachiwa chuo chake kimwadhibu. Jambo hilo latuhusu sisi Wakenya moja kwa moja, maana nchi yetu imetajwa mara kwa mara katika habari za kimataifa kuwa ni karakana kubwa ya insha za wanafunzi wa ng'ambo. Mwaka 2024 ilitoka filamu ya hali halisi iitwayo The Shadow Scholars, ambamo Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwenye asili ya Kenya, anawafuata vijana wetu wasomi wanaotunga kazi ambazo wengine hujivunia. Nitarejea kwao baadaye.

Msomaji aweza kuuliza: je, kila huduma ya uandishi ni haramu? La, hasha. Kunazo kazi halali kabisa ambazo mwanafunzi au mwalimu ana haki ya kuzilipia. Kusoma prufu, kusahihisha sarufi na tahajia, kupanga kurasa na marejeleo kwa mtindo unaotakiwa na chuo, kunakili mahojiano yaliyorekodiwa, na kutafsiri hojaji kutoka Kiingereza hadi Kiswahili au Kiluo. Zote hizi ni kazi za mafundi wanaostahili ujira wao. Alama ya uhalali ni ile ile niliyoitaja: ni huduma ambayo mteja aweza kuitaja mbele ya msimamizi wake bila kuinamisha kichwa. Kwa hiyo hatua ya kwanza kabla ya kununua ni kumwarifu msimamizi na kuuliza chuo chako kinaruhusu msaada wa kiasi gani. Ukijikuta unasita kumwambia, basi umepata jibu kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Hatua ya pili ni kumpima muuzaji kwa kile anachokikataa. Mwulize kama anaweza kukuongezea hoja katika sura ya uchambuzi, au kukutungia takwimu chache za kujazia pengo. Mhariri wa kweli atakujibu kuwa kazi yake ni kunyoosha lugha na kukuonyesha mahali hoja ilipofifia, na kwamba hoja yenyewe ni yako. Anayekubali kila kitu kwa furaha amekwisha kujitambulisha. Mtu aliye tayari kukudanganyia chuo chako kwa ujira mdogo, ni kipi kitakachomzuia kukudanganya wewe?

Tatu, mtafute muuzaji alipo. Huduma ya Usajili wa Biashara hutoa habari za kampuni zilizosajiliwa nchini kupitia jukwaa la eCitizen, na kwa ada ndogo mtu aweza kupata hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Hati hiyo haithibitishi kuwa wenye kampuni wanajua sarufi, lakini yathibitisha kuwa wapo. Kwa mhariri anayefanya kazi peke yake pasipo kampuni, omba jina kamili na uwaombe wateja wawili waliotangulia wakueleze kazi yao ilivyokwenda. Asiyeweza kuonyesha jina, mahali wala mteja hata mmoja, anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Nne, usibabaishwe na mapambo ya tovuti. Wengi hudhani kuwa alama ya kufuli inayoonekana kando ya anwani ya tovuti ni cheti cha uaminifu. Sivyo. Maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani. Tapeli naye aweza kuwa na kufuli. Lililo na manufaa zaidi ni kuangalia anwani hiyo ilisajiliwa lini, jambo ambalo daftari za usajili wa anwani za intaneti huonyesha bure. Kampuni inayojigamba kwa uzoefu wa miaka 15, ilhali anwani yake ilisajiliwa miezi mitatu iliyopita, ina maswali ya kujibu. Sifa za wateja nazo huuzwa na kununuliwa kama nyanya sokoni, hata ikawa mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ikatoa kanuni ya kupiga marufuku sifa za uongo. Zisome tarehe zake: sifa 40 zilizoandikwa katika juma moja, zote kwa maneno yanayofanana, zimetoka kwenye chungu kimoja.

Tano, piga hesabu. Tuseme tasnifu yako ina kurasa 200, na mhariri makini anahariri kurasa tano kwa saa. Hiyo ni kazi ya saa 40, sawa na juma zima la mtu anayefanya kazi saa nane kwa siku bila kupokea kazi nyingine. Sasa akija mtu akaahidi kuimaliza usiku mmoja kwa shilingi 2,000, hesabu yenyewe yamsuta. Ama hataisoma, ama ataitupia programu ya kompyuta na kukurudishia kilichotoka. Rahisi huwa ghali, na katika kazi ya maandishi ughali wake hujulikana siku ya kuitetea tasnifu.

Sita, anza na kidogo. Mpe kurasa mbili au tatu, umlipe kwa kiasi hicho, kisha uyachunguze masahihisho. Mhariri mwema huacha nyayo: kila neno alilolibadilisha laonekana, nawe waweza kulikubali au kulikataa. Anayekurudishia kazi iliyobadilika pasipo kuonyesha alipogusa, amekunyima uwezo wa kujua kama bado ni kazi yako. Yatazame marejeleo hasa. Tangu programu ya ChatGPT ilipozinduliwa mwezi wa Novemba mwaka 2022, tumeshuhudia maandishi yaliyojaa vitabu na makala ambazo hazikupata kuandikwa duniani. Mwezi wa Juni mwaka 2023 mahakama moja mjini New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili wawili pamoja na kampuni yao kwa kuwasilisha hukumu za kubuniwa na programu hiyo. Ikiwa mawakili walinaswa, seuze mwanafunzi mbele ya jopo la watahini.

Saba, linda malipo na siri zako. Lipia kupitia namba ya biashara ya Lipa na M-Pesa inapowezekana, ulinganishe jina linalojitokeza na jina la huyo unayedhani unamlipa, na uyagawe malipo kulingana na kazi iliyokwisha kukamilika. Utaratibu wa kurejesha fedha za M-Pesa uliwekwa kwa ajili ya aliyekosea namba. Haukuwekwa kuamua ugomvi wa mteja na fundi wake. Usimpe mtu neno lako la siri la tovuti ya chuo, wala nakala ya kitambulisho chako. Na kama kazi yako ina majina ya watu uliowahoji, yaondoe kabla ya kuituma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yatambua haki ya watu hao, nao walikuamini wewe, hawakumwamini mhariri usiyemjua.

Ukizingatia hayo kisha ukadhulumiwa, hutakuwa yatima. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata huduma za ubora wa kuridhisha na kulipwa fidia kwa hasara, na Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 imeigusa hata mikataba ifanywayo kwa intaneti. Lakini angalia vizuri, ndugu msomaji: haki hizi zote zamfaa yule tu aliyenunua kitu anachoweza kukitaja. Aliyenunua tasnifu amejivua ngao hiyo kwa mikono yake. Yuko katika hali moja na wale wanaonunua karatasi ghushi za mitihani ya kitaifa kupitia Telegram, ambao wakigundua kuwa wameuziwa karatasi za uongo, hulia kimya kimya usiku.

Sasa nirejee kwa vijana wetu wanaoandika. Si haki kuwahukumu kana kwamba walizaliwa na hila. Wengi ni wahitimu waliotembeza vyeti vyao bila kupata kazi, na kalamu ndiyo jembe pekee lililobaki mikononi mwao. Nao pia hutapeliwa. Kuna wanaotozwa ada ya kusajiliwa na tovuti ambazo hazina kazi yoyote, wanaonunua akaunti za wengine kisha akaunti zikafungwa, na wanaokesha juma zima wakiandika halafu mwenye kazi akakataa kulipa kwa kisingizio cha ubora. Swali letu ni lile lile kwao: mtamlalamikia nani? Anayeuza kazi iliyofichwa hana chama cha kumtetea wala mwajiri wa kumshtaki, na kipaji chake hakimjengei jina, maana kila alichokitunga kimetiwa sahihi ya mwingine. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu ambaye nduguye humtegemea naye hafi tajiri. Kalamu hiyo hiyo ikihariri, ikitafsiri, ikiandika ripoti na hotuba kwa mikataba ya wazi, malipo yake huenda yakachelewa kukua, lakini mwenyewe ataweza kuyaonyesha kwa mwajiri wa kesho.

Lawama nyingine hatuna budi kuielekeza kwetu sisi tunaofundisha. Soko la giza halikuota kama uyoga. Mwanafunzi anayekaa miezi minne akisubiri maoni ya msimamizi juu ya sura moja, tena akarudishiwa yenye alama ya swali pekee pembeni, atakwenda kutafuta msaada mahali pengine. Darasa la watu 300 ambalo insha zake hazisomwi kwa makini humfundisha mwanafunzi kwamba anayeandika na anayenunua hupata alama moja. Programu ya Turnitin hulinganisha maandishi na yale yaliyokwisha kuwekwa katika hifadhi yake. Insha mpya iliyotungwa na mtu aliyelipwa yaweza kupita bila doa. Kinachoitambua insha hiyo ni mwalimu anayemjua mwanafunzi wake: aliyeiona rasimu ya kwanza na ya pili, na aliyemwita kwa dakika kumi akamwambia, "Hebu nieleze kwa maneno yako ulichokisema hapa." Dakika hizo kumi hazihitaji bajeti ya wizara. Zahitaji mwalimu aliye tayari kuzitoa.

Kwa upande wa vyuo, lingekuwa jambo la busara kila chuo kiwe na orodha ya wahariri na watafsiri kinaowatambua, pamoja na mwongozo wa ukurasa mmoja unaoeleza msaada gani waruhusiwa na msaada gani ni wizi. Mwanafunzi akijua pa kwenda mchana, hatahitaji kubisha milango ya usiku. Vituo vya kuwafunza wanafunzi uandishi, ambavyo ni jambo la kawaida katika vyuo vya Marekani, vyafaa kuimarishwa hapa kwetu, tena katika lugha zote mbili, Kiingereza na Kiswahili.

Almuradi, shahada ni ahadi. Mgonjwa anapomkabidhi muuguzi mkono wake, na mzazi anapomkabidhi mwalimu mtoto wake, huwa wanaamini kwamba jina lililo kwenye cheti ndilo jina la aliyefanya kazi. Kabla ya kumlipa mtu usiyemwona akushikie kalamu, jiulize kama utaweza kumtaja kwa msimamizi wako, kumdai akikosea, na kumshukuru kwa jina katika ukurasa wa shukrani. Ukiweza yote matatu, lipa, na udai risiti. Usipoweza hata moja, zima simu, uvute kiti, uandike. Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya kununua kazi ya mtu huishia siku jopo litakapokutaka ueleze ulichokiandika.